Je, wajua? Korongo anafanya nini mkiani mwa ndege ya kivita ya Ufaransa

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili: ndege anayetaga mayai na ndege inayobeba watu. Leo tunayahitaji yote mawili kwa pamoja, maana tunamzungumzia ndege aliyechorwa kwenye ndege. Ukiitazama Mirage 2000-5 ya kambi ya Luxeuil, mashariki mwa Ufaransa, utamwona mkiani korongo mweupe, shingo kainyoosha mbele na miguu kaiacha nyuma, kama afanyavyo akiwa safarini. Si tai, si simba, si chui. Nchi ina mabomu ya nyuklia, halafu ndege zake za kivita zinapambwa kwa ndege anayekula vyura. Kulikoni?

Kisa kinaanza na kipigo. Mwaka 1871, baada ya kushindwa vita na Wajerumani, Ufaransa ilinyang'anywa jimbo la Alsace. Huko ndiko korongo hujenga viota juu ya mapaa na dohani za nyumba, na watu wamemfanya alama ya jimbo lao. Baridi ikikaribia huondoka kwenda Afrika, na majani yakianza kuchipua hurudi, aghalabu kwenye kiota kilekile. (Wale korongo weupe wanaoonekana Serengeti wakifukuzia nzige na viwavijeshi hutoka zaidi Ulaya Mashariki, wa Alsace wengi hupitia Gibraltar na kuishia Afrika Magharibi.) Kwa Mfaransa wa mwaka 1916, korongo alipochorwa kwenye ndege kwa mara ya kwanza, picha hiyo haikuhitaji maelezo. Huyu ni yule anayerudi kwake.

Ila kuna jambo la kuuliza kabla ya hapo: kikosi cha ndege za kivita kilianzishwa cha nini? Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, ndege zilikuwa macho ya mizinga tu. Mtu anapaa, anachungulia mahandaki ya adui, kisha anawaeleza wapiga mizinga makombora yao yameangukia wapi. Tarehe 5 Oktoba 1914 rubani Mfaransa Joseph Frantz na fundi wake, Louis Quenault, waliidungua ndege ya Kijerumani kwa bombomu karibu na Reims, na hiyo inahesabiwa kuwa ndege ya kwanza kuangushwa na nyingine kwa risasi. Hata hivyo, mpango wenyewe ulikuja Februari 1916 kwenye mapigano ya Verdun, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Wajerumani walikuwa wameitawala anga, na mizinga ya Wafaransa ilikuwa inapiga gizani. Jenerali Pétain, kamanda wa Wafaransa huko, akamkabidhi ofisa Charles de Tricornot de Rose kazi ya kuwafagia. De Rose akakusanya vikosi kutoka sehemu mbalimbali za mstari wa vita, akavipangia doria za zamu. Kazi ikawa hiyo: mpofushe adui, linda macho yako. Sifa za marubani mabingwa na picha zao magazetini zilikuja juu ya kazi hiyo.

Sasa, kikosi cha wakati ule kilikuwa na ndege kama 10 hadi 15, kikiitwa kwa namba, na mbele ya namba zikawekwa herufi za aina ya ndege. Kikosi namba 3 kilipokuwa na Morane-Saulnier kiliitwa MS 3. Kilipopewa Nieuport kikawa N 3. Zilipokuja SPAD kikawa SPA 3. Watu ni walewale, mahema ni yaleyale, jina linabadilika kila kiwanda kinapoleta mtambo mpya. Usishangae basi kwamba walitafuta kitu kisichobadilika. Mwaka 1916, chini ya kamanda Antonin Brocard, wakamchora korongo ubavuni. Kikosi hicho kilipounganishwa na namba 26, 73 na 103 kuwa kundi la 12, wote wakamchukua ndege huyohuyo, ila kila kikosi kilimpa mkao wake wa mabawa. Kwa mbali ulilitambua kundi. Akikaribia ulikitambua kikosi.

Aliyempa korongo huyo umaarufu ni kijana ambaye jeshi halikumtaka. Georges Guynemer alizaliwa Paris mkesha wa Krismasi wa 1894. Alipokwenda kujiandikisha, madaktari wa jeshi walimkataa: mwembamba mno, afya dhaifu. Akapitia mlango wa uani, mwanafunzi wa ufundi huko Pau, mikono imejaa grisi, mpaka alipopata nafasi ya kujifunza urubani. Julai 1915 aliangusha ndege yake ya kwanza. Miaka miwili baadaye alikuwa amevuka 50. SPAD yake iliandikwa ubavuni “Vieux Charles”, yaani Mzee Charles, na imehifadhiwa kwenye makumbusho ya anga ya Le Bourget. Asubuhi ya 11 Septemba 1917, akiwa na miaka 22 na ushindi 53, alipaa akapotelea karibu na Poelkapelle, Ubelgiji. Mwili haukupatikana. Watoto wa shule wakaambiwa kwamba kapteni alipaa juu sana hata akashindwa kushuka.

Kwa hesabu alizidiwa na René Fonck wa kikosi cha 103, aliyeangusha ndege 75. Hakuna rubani mwingine wa Washirika aliyefika hapo. Lakini Fonck alirudi nyumbani mzima, tena alikuwa mtu wa kujisifu, na hadithi huwapenda waliopotea. Yumo pia Roland Garros, ambaye wengi wetu tunamjua kama jina la uwanja wa tenisi. Alikuwa mzaliwa wa Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi, na aliuawa akiwa na kikosi cha 26 tarehe 5 Oktoba 1918, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30. Korongo mwenyewe alifika hadi barabarani: Hispano-Suiza, waliotengeneza injini ya SPAD, walimweka juu ya rejeta za magari yao ya kifahari baada ya vita.

Tangu hapo ndege zimekuja na kuondoka, yeye yupo. Mwaka 1940 alikuwa kwenye Morane 406. Mwaka 1944 alikuwa kwenye Spitfire, kikosi kikiitwa namba 329 cha jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1961 ikaja Mirage III, mwaka 1984 Mirage 2000. Leo jina rasmi ni 1/2 “Cigognes”, Makorongo, maana yake kikosi cha 1 katika kundi la 2. Ndani yake bado kuna SPA 3, SPA 26 na SPA 103, ingawa hakuna rubani aliye hai aliyeingia vitani na SPAD. Ni kama sisi na Kariakoo: wapagazi wa Carrier Corps wa vita hiyohiyo wameondoka zamani, jina limebaki na watu wananunua nyanya.

Vikosi vingine navyo vina mambo yao. Kikosi cha La Fayette hubeba kichwa cha shujaa wa Kisioux, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, kwa sababu kilianzia kwa Wamarekani waliojitolea, hapohapo Luxeuil, Aprili 1916. Walifuga wanasimba wawili, Whiskey na Soda. Normandie-Niemen kina jina la mto usiopita Ufaransa hata kidogo. Stalin ndiye aliyekiongezea jina hilo mwaka 1944, baada ya marubani Wafaransa kupigana upande wa Wasovieti.

Na Makorongo wa leo wanafanya nini? Zaidi wanalinda anga. Usiku na mchana kuna ndege zimekaa tayari na silaha zake, na mchana zinatakiwa ziwe hewani ndani ya dakika 7. Mara nyingi kinachowainua ni ndege ya kiraia isiyojibu redio. Rubani anaisogelea ubavuni, anasoma namba zake, anatazama ndani kama kuna mtu kwenye usukani. Baada ya miaka zaidi ya 100 kazi imerudi kuwa ya macho. Mirage za aina hiyohiyo ziko Djibouti, kwenye kikosi kiitwacho Corse, na Februari 2025 Ufaransa ilianza kuipa Ukraine baadhi yake.

Kila 11 Septemba, kwenye kambi za anga za Ufaransa, askari hujipanga mstari na kusomewa maneno ambayo jeshi lilimwandikia Guynemer alipopotea. Poelkapelle alijengewa mnara. Juu yake, badala ya sanamu ya rubani, kuna korongo.