Kwa nini mawazo mabaya huja hata ukiwa unasali?

Umepiga magoti, umeianza Baba Yetu vizuri, na ukifika "utusamehe makosa yetu" inakujia sura ya wifi yako na yale maneno aliyoyatoa mbele ya watu siku ya msiba. Hukumwita. Kufumba na kufumbua uko sebuleni kwake unampa jibu ambalo siku ile hukulipata, neno kwa neno, naye amekosa la kusema. Kisha unaamua: akija kwenye kikao cha familia, salamu yangu haipati. Unasema "Amina" na hukumbuki umeomba nini.

Wengi wakizinduka hapo hujishtaki. Kama kweli nimeokoka, haya yanatoka wapi? Wapo waliopunguza hata kusali, kwa kuwa wakiwa kazini au sokoni wako shwari, lakini wakifumba macho tu uchafu unafurika. Swali hili ni la zamani sana, na waliolifanyia kazi kwa bidii kuliko wote waliishi katika jangwa la Misri katika karne ya 4.

Kusini mwa Aleksandria palikuwa na makazi ya watawa yaitwayo Kellia. Kila mtu alikaa kwenye kibanda chake juma zima, akisali na kufanya kazi ya mikono, na Jumamosi na Jumapili wakakutana kanisani. Mtu akishaondoa soko, ndoa, mashamba na ugomvi wa mipaka, kinachobaki naye chumbani ni mawazo yake. Ndiyo maana watu hawa waliyajua mawazo kama mvuvi ajuavyo maji kupwa na kujaa.

Mmoja wao aliyaandika aliyoyaona. Aliitwa Evagrius, mzaliwa wa Ponto, kaskazini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki. Alikuwa shemasi Konstantinopoli, msomi, mhubiri wa kusifiwa, mpaka alipompenda mke wa mkubwa mmoja wa serikali. Alipoona anakoelekea alikimbia mji, akafika Yerusalemu, na hatimaye akaishia Kellia, alikokaa miaka kama 14 akijipatia riziki kwa kunakili vitabu, hadi alipofariki mwaka 399. Aliorodhesha mawazo manane yanayomsumbua mwanadamu: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, ulegevu wa roho, kutafuta sifa na kiburi. Papa Gregori Mkuu aliipanga upya orodha hiyo katika karne ya 6, na ndiko zilikotoka dhambi saba ambazo wanafunzi wa katekisimu wanakaririshwa hadi leo kama mizizi ya dhambi.

Lakini katika kupita mikono mingi kuna jambo lilipotea, nami naona hasara yake ni kubwa. Evagrius hakuziita dhambi. Aliyaita mawazo. Na alisema waziwazi kwamba mawazo hayo yatusumbue au yasitusumbue, hilo haliko katika uwezo wetu. Lililo katika uwezo wetu ni kama yatakaa au hayatakaa, na kama yataamsha tamaa au hayataamsha.

Mtawa mwingine wa jangwani, Abba (yaani baba) Poemen, alilifundisha jambo hilohilo bila kitabu. Ndugu mmoja alimjia akilalamika kwamba ana mawazo mengi na yanamhatarisha. Mzee akamtoa nje, akamwambia atanue kifua azuie hewa isiingie. Yule ndugu akasema hawezi. Poemen akamjibu: basi kama hilo huliwezi, na mawazo nayo huwezi kuyazuia yasije, kazi yako ni kuyapinga.

Anayeona hayo ni maneno ya watawa tu na atazame jaribio la mwaka 1987. Mwanasaikolojia Mmarekani Daniel Wegner na wenzake waliwataka wanafunzi wa chuo waseme kwa sauti lolote linalowapitia kichwani kwa dakika tano, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akiwajia, wapige kengele. Walipiga kengele. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao tangu mwanzo hawakukatazwa. Kulikandamiza wazo ni kulipa nguvu. Muumini anayepambana kutwa "nisiwaze, nisiwaze" amejitwika kazi ambayo akili ya binadamu haikuumbwa kuiweza, kisha anajilaumu kwa kushindwa.

Basi dhambi inaanzia wapi? Yohana wa Sinai, abati wa monasteri iliyo chini ya mlima huo, karibu na karne ya 7, aligawa jambo hili kwa hatua. Kwanza wazo linakuja; hapo hakuna hatia. Pili unaanza kuongea nalo. Tatu unaliridhia. Kisha linakushika, na mwisho linakuwa tabia. Rudi kwa wifi. Sura yake ilipokujia hukukosa lolote. Ulipoingia sebuleni kwake na kuanza kumjibu, ulikuwa umekaribisha maongezi. Uliponuia kumnyima salamu, uliridhia. Hatua zote tatu zilipita ndani ya sala moja fupi, na ndiyo sababu tunaziona kama kitu kimoja. Yakobo anaonyesha mwendo huohuo: "Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na ile dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti." Kuna muda kati ya kuvutwa na kuzaa. Kazi yote ya kulinda mawazo inafanyika ndani ya muda huo.

Na kwa nini yaje hasa wakati wa sala? Evagrius aliligusa hili akizungumzia hasira: wakati wa sala ndipo hasira huiteka akili na kuiletea sura ya aliyekuudhi. Miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, na ni kana kwamba alikuwa amekaa benchi la nyuma yako. Yeye aliona mkono wa adui, kwa kuwa shetani hana haja ya kumsumbua mtu anayeangalia mpira. Aliye magotini ndiye anayemtia hofu. Nami naamini hivyo. Ila kuna na lililo wazi zaidi. Siku nzima wazo lile lilikuwepo, kelele ndizo zilizolifunika. Yesu alisema moyoni ndiko yanakotoka mawazo mabaya, na sala ni kati ya mahali pachache ambapo mtu hukaa kimya kiasi cha kuusikia moyo wake. Kwa hiyo sala haikuleta uchafu. Imekuonyesha uchafu huo ulipo, na hiyo ni faida, maana Daudi aliomba jambo hilo kwa hiari yake: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu, unijaribu, uyajue mawazo yangu."

Kuyachunguza mawazo, basi, ni kazi ya macho. Evagrius aliwataka watu waangalie lipi huja saa ngapi, lipi hufuatana na lipi, lipi lina nguvu na lipi hupita upesi. Alivyouchora ule ulegevu wa roho ni ajabu. Unamjia mtawa kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Jua linaonekana limesimama, siku inakuwa kama ina saa 50. Anachungulia dirishani. Anatoka nje kupima jua, saa tisa ya chakula bado iko mbali. Anatazama huku na huku kama kuna mwenzake yeyote anakuja. Kisha anaanza kukichukia kibanda, na kazi yake, na maisha yenyewe. Anaona upendo umekwisha kati ya ndugu, na kama kuna aliyemuudhi siku hizi, wazo hilo nalo linaongezwa. Halafu inamjia kwamba kuna mahali pengine, kazi ya huko ni nyepesi, na kwani Mungu haabudiwi popote? Anawakumbuka wa nyumbani. Anauona uzee mrefu mbele yake.

Soma tena polepole na uone jinsi lilivyo na mpangilio. Linaanza na uchovu wa mchana na linaishia na uamuzi wa kuacha kila kitu. Ni wangapi wameandika barua ya kuacha kazi, au wametuma ujumbe wa kuvunja uchumba, kwenye saa kama hizo? Mtu akishajua kwamba mchana wake huwa hivyo, hatoi uamuzi mchana.

Baada ya kuona, kuhoji. Katika barua yake moja Evagrius anamwambia mwenzake awe bawabu wa moyo wake, asiruhusu wazo lolote kupita bila kuulizwa swali ambalo Yoshua alimwuliza yule mtu mwenye upanga karibu na Yeriko: u wetu, au u wa adui zetu? Kwa wifi swali lingekuwa: unanipeleka wapi? Kama linakupeleka kumwombea au kwenda kuongea naye, lipite. Kama linakupeleka kwenye mashtaka yaleyale ya jana, limeshajitambulisha.

Kisha, kulijibu. Evagrius aliandika kitabu kizima chenye sehemu nane, majibu ya Maandiko karibu 500, kila jibu na wazo lake. Alijifunza kwa Bwana mwenyewe. Jangwani Yesu alijaribiwa mara tatu, akajibu mara tatu kwa "imeandikwa", na majibu yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Hakubishana. Hakueleza kwa nini hana njaa. Njaa alikuwa nayo. Kwa ule ulegevu Evagrius alipendekeza mtu aigawe nafsi yake mara mbili, upande mmoja uufariji mwingine kwa maneno ya Zaburi ya 42: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Jibu ni fupi, linasemwa mara moja, na mtu anarudi kwenye sala au kazi yake. Hiyo ndiyo tofauti na kukandamiza: hujifanyi wazo halipo, ila maongezi hulipi.

Nasisitiza ufupi kwa sababu ya watu wa aina ya John Bunyan, yule fundi wa kuziba masufuria wa Bedford, Uingereza, wa karne ya 17 aliyekuja kuwa mhubiri. Alieleza mwenyewe jinsi wazo la kumuuza Kristo lilivyomrudia akiwa mezani, akiwa kitandani, muuze, muuze, naye akijibu simuuzi, simuuzi, hata kwa maelfu ya dunia, mpaka pumzi inamwishia. Kadiri alivyojibu ndivyo lilivyorudi. Wapo wanaoteseka hivyo makanisani mwetu, wanatubu jambo moja mara 20 kwa siku. Hali hiyo inajulikana kitabibu na ina matibabu. Kuambiwa "ongeza maombi" kunaweza kuizidisha. Aliye nayo aende kwa daktari wa afya ya akili, pamoja na mchungaji wake, na asione kwamba amemkana Mungu.

Liko wazo pia ambalo halihitaji jibu. Linahitaji kutajwa. Antoni, baba wa watawa, aliwashauri wanafunzi wake waandike mienendo ya mioyo yao kana kwamba watawasomea wenzao, kwa kuwa aibu ya kujulikana ingewalinda. Na Abba Serapioni alisimulia utoto wake, alipokuwa akiishi na mwalimu wake: kila siku baada ya chakula alikuwa akificha mkate mkavu kifuani na kuula jioni kwa siri. Ulimtesa kuliko ulivyomshibisha, lakini hakuweza kuacha. Siku moja wageni walikuja, mzee akazungumza nao juu ya ulafi na nguvu ya mawazo yaliyofichwa. Mtoto akaangua kilio, akauchomoa mkate kifuani mbele ya wote. Mzee akamwambia amefunguliwa na maungamo yake, hata kabla yeye hajasema neno.

Afrika Mashariki tunayo historia yetu ya jambo hili. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliwafundisha watu kutembea nuruni: kukaa katika ushirika mdogo na kutaja hata chuki ya moyoni ambayo hakuna aliyeiona, na mara nyingi aliyechukiwa alikuwa amekaa palepale. Ndugu wa uamsho waliokuwa na hekima walijifunza pia kwamba si kila jambo ni la kutajwa mbele ya kila mtu.

Yohana Kasiano, mwanafunzi wa watawa wale wa Misri, alihifadhi kisa cha kijana aliyemweleza mzee mmoja kwamba anasumbuliwa na tamaa. Mzee akamfokea, akamwambia hastahili hata kuitwa mtawa. Kijana akakata tamaa, akashika njia ya kurudi mjini akaoe. Njiani akakutana na Abba Apollo, aliyemlazimisha aseme kilichomsibu. Apollo akamwambia kwamba yeye mwenyewe, na mvi zake, anasumbuliwa na mawazo hayohayo kila siku, akamsihi arudi kibandani japo kwa siku moja. Kisha akaenda karibu na kibanda cha yule mzee mkali akaomba kwa machozi jaribu la kijana limhamie. Haukupita muda, mzee akatoka nje kama aliyechanganyikiwa, akashika njia ileile ya mjini. Apollo akamzuia, akamwambia arudi ndani, na atambue kwamba mpaka siku ile shetani ama hakuwa akimjua, ama alimdharau.