Utegemezi wa binadamu kwa wanyama: maana yake kwa mifano ya Kigoma na Tabora

Utegemezi wa binadamu kwa wanyama ni hali ambayo chakula, kazi, kipato na mazingira ya watu haviwezi kuendelea kama vilivyo iwapo wanyama fulani watatoweka. Mnyama hapa ni pamoja na samaki, ndege na wadudu. Kwa maana hiyo, kumtumia mnyama si lazima iwe kumtegemea: anayevaa mkanda wa ngozi anaweza kuvaa wa plastiki asipungukiwe na kitu, ilhali kaya ya Ujiji, mjini Kigoma, iliyozoea kitoweo cha dagaa haipati kwa urahisi kingine cha kushika nafasi yake. Nyama, maziwa, mayai na samadi ni mifano ambayo kila mtoto wa shule anaijua, kwa hiyo haitarudiwa.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, hasa mbalamwezi inapokosekana, kwa taa zinazowavuta karibu na uso wa maji, kisha huanikwa juani na kusafirishwa mbali. Wao hula viumbe wadogo mno wanaoelea majini, nao huliwa na migebuka, samaki wakubwa kuliko wao, hivyo mlaji wa mgebuka anamtegemea dagaa hata kama hajawahi kumwonja. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hilo upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua ya namna hiyo haimgusi mvuvi peke yake, kwa kuwa nyuma yake wapo waanikaji, wapakiaji wa magunia, wachuuzi wa sokoni na mafundi wa mitumbwi, ambao wengi wao hawashiki wavu kabisa.

Tabora utegemezi huo unaonekana zaidi kwa nyuki. Wafugaji hutundika mizinga ya magome au ya magogo katika misitu ya miombo, wakavuna asali na nta, na nta hiyo hutengenezewa mishumaa na vipodozi. Hata hivyo, kwa maoni yangu asali ndiyo sehemu ndogo ya deni letu kwa nyuki. Alizeti, maboga na matikiti huhitaji wadudu wa kuhamisha chavua kutoka ua hadi ua, na kazi hiyo hufanywa bila malipo na nyuki ambao mwenye shamba hawamiliki wala hajui mzinga wao ulipo. Mahindi na mpunga havihitaji msaada huo, kwa sababu chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo na mpunga hujichavusha wenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba bila nyuki ghala lote lingekuwa tupu, ila mafuta ya kupikia na mboga vingepungua sana.

Ukubwa wa utegemezi hupimika vizuri zaidi pale mnyama anapokosekana. Katika karne ya 19 misafara ya kati ya pwani, Tabora na Ujiji haikuweza kutumia ng'ombe, punda wala farasi kwa uhakika, kwa kuwa mbung'o wa maporini waliwaambukiza wanyama hao ugonjwa wa nagana na kuwaua. Mzigo ambao kwingineko ungebebwa na mnyama ulibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kadhaa wakiwa na pembe za ndovu na vitambaa vichwani au mabegani. Njia ya reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikachukua nafasi ya mabega hayo.

Kwa nyuki hakuna mbadala wa namna hiyo. Nao pia wanategemea miti ya miombo kwa maua na makazi, miti ileile ambayo katika wilaya zinazolima tumbaku, kama Urambo na Sikonge, hukatwa kuwa kuni za kukaushia majani ya zao hilo.