Tume ya Huduma za Mahakama nchini Kenya: idadi, majukumu na tunayoyakosea

Dhana: Katiba ya 2010 iliongeza viti vya Tume tu, kutoka 5 hadi 11.

Hesabu ni sahihi, ila hilo neno "tu" ndilo linalopotosha. Chini ya katiba ya zamani, Tume hii, inayopendekeza wa kuteuliwa majaji, ilikuwa na Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, majaji wawili walioteuliwa na Rais, na mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma. Ukifuatilia barua zao za uteuzi, wote 5 walitoka Ikulu. Wengi hawajui kwamba hata katiba hiyo ilimtaka Rais ateue majaji wa Mahakama Kuu kwa kufuata ushauri wa Tume. Maneno yalikuwapo, ila walioshauri walikuwa na deni kwa aliyeshauriwa. Kifungu cha 171 kilibadili mahali wanakotoka: jaji wa Mahakama ya Juu na yule wa Mahakama ya Rufaa huchaguliwa na majaji wenzao, jaji wa Mahakama Kuu na hakimu hupigiwa kura na wanachama wa chama chao, na mawakili huwapeleka wawili, mwanamke na mwanamume.

Dhana: Majaji hujiajiri wenyewe.

Ukimhesabu Jaji Mkuu, wanaotoka mahakamani ni 5, na wengine 6 wanatoka nje, wakiwamo wawakilishi wawili wa umma wasio wanasheria. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba hao wa umma huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Kitaifa, na umma wenyewe hauwachagui. Hata hivyo, usaili hufanyika hadharani: mwaka 2011 Willy Mutunga, aliyewania nafasi ya Jaji Mkuu, aliulizwa hata kuhusu kipuli alichovaa sikioni, na mwaka 2021 usaili wa Jaji Mkuu ulirushwa moja kwa moja kwenye runinga.

Dhana: Tume hushauri, Rais huamua.

Hili ndilo kosa lililogharimu zaidi. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majina 41 ya kuteuliwa majaji; Rais Uhuru Kenyatta akakaa nayo hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha 6 (mmoja alikuwa ameshafariki), ambao waliteuliwa na mrithi wake, William Ruto, Septemba 2022. Muda wote huo kesi ziliendelea kusubiri. Kifungu cha 166 kinasema Rais atateua kwa mujibu wa pendekezo la Tume, tofauti na Tanzania, ambako Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mwaka 2015 Bunge lilijaribu kulegeza kamba hiyo kwa sheria iliyoitaka Tume impelekee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu ili achague; Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2016.

Dhana: Tume inaweza kumfukuza jaji.

Hakimu, ndiyo. Kwa jaji, Tume hupokea malalamiko na, ikiridhika, humpelekea Rais ombi. Naye ndani ya siku 14 humsimamisha jaji huyo na kuunda jopo la kumchunguza. Asiporidhika na uamuzi wa jopo, jaji ana siku 10 za kukata rufaa katika Mahakama ya Juu.