Dakika 45 ndani ya saa moja ya kebo

Kazi yangu ni kuhariri tamthilia za televisheni, na tamthilia ikivuka bahari jambo la kwanza ninalokagua ni muda wake. Doctor Who, tamthilia ya Uingereza kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Doctor, ilirejea BBC One tarehe 26 Machi 2005, lakini Wamarekani walisubiri karibu mwaka mzima, hadi Sci Fi Channel, chaneli ya kebo ya kwao, ilipoanza kuirusha Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2006. Sehemu nyingi zilikuwa na dakika 45 hivi, kwa kuwa BBC kwao Uingereza huendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na watazamaji na haikatizi vipindi kwa matangazo ya biashara. Chaneli ya kebo ya Marekani huishi kwa matangazo hayo, na ikishayatengea nafasi yake, saa nzima hubakiwa na dakika 42 hadi 44 za tamthilia yenyewe. Zinazozidi hupunguzwa.

Mtu asiye wa fani hudhani kuondoa dakika moja ni jambo jepesi. Chukua sehemu ya mwaka 2007 iitwayo Blink. Msichana Sally Sparrow anazungumza na Doctor aliyerekodiwa katika DVD miaka mingi nyuma, huku mwenzake Larry akiandika maneno ya Sally ili mazungumzo yakamilike, na vipande vya maneno hayo ya Doctor tumekwisha kuvisikia mapema, vikiwa havina maana yoyote. Mhariri akipunguza sentensi mbili katika onyesho la mwanzo kwa sababu zinaonekana kama porojo, jibu linalokuja baadaye litakosa swali lake. Mimi ningeanza na watu wanaotembea, milango inayofunguliwa na mandhari ya jiji, na hata hapo ningesita, maana katika sehemu hii ukimya ndio unaotisha.

Kuna pia suala la mahali pa kusimama. Mwandishi wa tamthilia ya kibiashara ya Marekani hugawa hadithi katika vitendo, yaani vipande vikubwa vinavyotenganishwa na matangazo, na kila kitendo hukiishilizia kwa tukio la kumfanya mtazamaji asishike rimoti. Mwandishi wa BBC One hulimbikiza taharuki yake mwishoni, kabla ya muziki wa kufungia, kwa hiyo tangazo huangukia popote palipo na upenyo, wakati mwingine katikati ya pumzi. (Tofauti ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, 25 Uingereza na takriban 30 Marekani, ni kazi ya mitambo, na mitambo haina kinyongo.)

Baadaye tamthilia ilihamia BBC America, na kuanzia Aprili 2011 sehemu mpya zikaanza kuonyeshwa Marekani siku ileile na Uingereza. Kusubiri kuliisha. Hata hivyo, BBC America nayo ni chaneli ya kebo inayouza matangazo, licha ya jina lake, na mkasi ulihamia huko pamoja na tamthilia.