Je, wajua kwa nini faili la hosts halimfukuzi mtekaji wa kivinjari?

Kompyuta ya steshenari ya shemeji yangu, hapa Moshi, ilishikwa na ugonjwa: ukifungua kivinjari tu, unatupwa kwenye ukurasa wa kutafutia usioujua, umejaa matangazo. Mteja kaja kuchapisha fomu, anaonyeshwa dawa za kupunguza tumbo. Nikajitia fundi. Nikaandika jina la ukurasa ule kwenye faili la hosts, yaani orodha ndogo ndani ya kompyuta inayosema jina lipi la tovuti lina anwani ipi, nikatangaza kwamba mtekaji kafukuzwa. Kumbe nilikuwa nimempoteza njia tu.

Kompyuta husafiri kwa anwani za namba, si kwa majina. Chukua mgeni aliyeshuka stendi, anatafuta duka Kiboriloni. Kabla ya kumuuliza bodaboda, anachungulia kikaratasi mfukoni. Duka likiwemo, haulizi mtu. Kikaratasi ndicho hosts. Bodaboda ni seva za DNS, kompyuta za mtandaoni zinazogeuza majina kuwa namba. Sasa kikaratasi kikisema duka liko nyumbani kwa mgeni mwenyewe, atageuza, arudi kwake, abishe hodi, akute hakuna anayeuza kitu. Hiyo ndiyo kazi ya 127.0.0.1, yaani "kwangu mwenyewe". Wengine huandika 0.0.0.0, ambayo si nyumba ya mtu yeyote:

0.0.0.0 tafuta-bure.example

Lakini aliyemtuma mgeni bado yumo ndani! Mara nyingi ni kiendelezi, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari, au mpangilio wa ukurasa wa mwanzo uliobadilishwa kimyakimya. Ndiyo maana kwa shemeji matangazo yaliisha, ila kila asubuhi kivinjari kilifunguka na ujumbe kwamba ukurasa haupatikani. Kwanza mng'oe aliyemo, urudishe mipangilio. Hosts ije baadaye kama komeo.

Na komeo lenyewe lina pengo. Kikaratasi hakijui ukoo: ukimzuia tafuta-bure.example, www.tafuta-bure.example anapita, kila jina lidai mstari wake. Kompyuta ikipitia proksi, yaani kompyuta ya kati inayokuletea kurasa, mara nyingi kikaratasi hakisomwi kabisa.

Ajabu ni kwamba kikaratasi kimemzidi bodaboda umri. Kabla ya DNS kubuniwa mwaka 1983, kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, zilinakili orodha moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa Stanford Research Institute huko California. Mwizi naye anaweza kukiandika kikaratasi chako, akupeleke benki ya uongo. Kwa hiyo kwenye Windows, kulihariri faili hilo, lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc, kunadai ruhusa ya msimamizi. Halina kiambishi mwishoni: Notepad ilinibandikia .txt, nikapoteza nusu saa nikihariri kitu kisichosomwa na yeyote.

Mstari wangu bado upo kwa shemeji. Mtekaji tulimkuta kwenye orodha ya viendelezi, amejiita kigeuza PDF, na shemeji aliapa kwamba alimpakua yeye mwenyewe, kwa ajili ya wateja.