Kurekebisha breki za trela: neno moja, kazi mbili

Ukinunua trela ya kusafiria Marekani au Kanada, ile nyumba ndogo yenye kitanda na jiko inayovutwa na pikapu, hutakaa muda mrefu kabla hujaambiwa urekebishe breki zake. Neno hilo limebeba kazi mbili. Moja inafanyika chini kwenye tairi, umelala ubavu na bisibisi mkononi. Nyingine inafanyika ndani ya gari, kwa kidole tu. Wengi hufanya hiyo ya pili wakaona wamemaliza.

Kama umezoea malori, sahau kwanza breki za upepo. Nyingi ya trela hizi zina breki za umeme. Ndani ya kila dramu, yaani bakuli la chuma linalozunguka pamoja na tairi, mna brekishuu mbili, vile vipande vilivyopinda vinavyoisugua, na sumaku ya umeme. Ukikanyaga breki, kidhibiti kilichofungwa karibu na usukani hupeleka umeme wa volti 12 nyuma, kwa kawaida kupitia waya wa bluu kwenye plagi ya pini 7. Sumaku inanata kwenye uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nayo, na mkono ulioishikilia unazitanua brekishuu mpaka ziisugue dramu. Sumaku basi haisimamishi trela. Inaanzisha tu, nguvu yenyewe inatoka kwenye tairi linalozunguka.

Ndiyo maana nafasi kati ya brekishuu na dramu ina uzito wake. Ikiwa kubwa, mkono unasafiri mbali kabla brekishuu hazijagusa kitu. Tena brekishuu mpya husagika upesi siku za mwanzo, hadi zikae sawasawa na dramu, kwa hiyo hata trela iliyotoka dukani juzi inaweza kuwa na breki legevu. Dexter, watengenezaji wakubwa wa ekseli za aina hii, hushauri marekebisho ya kwanza baada ya maili 200, yaani kama kilomita 320, halafu kila maili 3,000. Zipo breki zinazojirekebisha zenyewe. Soma kitabu cha ekseli yako kabla hujachafua mikono.

Kazi ya chini haina uchawi. Trela iwe imeungwa na gari, na tairi zinazobaki chini ziwekewe kabari. Jeki ikae kwenye fremu, si kwenye ekseli, na usiingie chini ya kitu kilichoshikiliwa na jeki peke yake. Nyuma ya tairi kuna sahani ya chuma yenye tundu lililozibwa kwa mpira. Toa mpira, ingiza bisibisi, na ndani utakuta kigurudumu chenye meno. Kizungushe upande wa kukaza huku ukilijaribu tairi kwa mkono, mpaka liwe gumu kabisa kuzunguka. Kisha kirudishe taratibu hadi tairi lizunguke huru, ukisikia mkwaruzo hafifu tu. Fanya hivyo kila tairi, hata lile linaloonekana zima.

Trela ikiwa ya mkononi, mimi singekaza chochote kabla ya kufungua dramu. Mwenye trela wa zamani akiwa amezidisha grisi kwenye beringi, huvuja ikalowesha brekishuu, na brekishuu iliyokunywa grisi hubadilishwa, haisafishwi. Hali kadhalika ile ambayo sehemu yake ya kusugua imebaki na unene chini ya milimita 1.6.

Sasa ndipo uje kwenye kidhibiti. Tafuta mahali tambarare, pakavu, pasipo watu. Endesha kama kilomita 40 kwa saa, usiguse breki ya mguu, bonyeza kitufe cha mkono cha kidhibiti. Unapaswa kuhisi trela inakushika kwa nyuma kwa nguvu, bila tairi zake kujifunga na kuburutika. Zikijifunga, punguza kiwango cha umeme kwenye kidhibiti, trela ikikusukuma, ongeza. Trela tupu na trela yenye tangi za maji zilizojaa hazitaki kiwango kimoja.

Anayeanzia hapa hujitia matatani. Breki ni legevu, yeye anapandisha umeme. Tairi moja ambalo brekishuu zake zilikuwa karibu linajifunga, mengine bado yanazunguka huru tu, na sasa analaumu kidhibiti.

Usisahau swichi ya dharura iliyo mbele ya trela, yenye kamba ya waya iliyofungwa kwenye gari. Trela ikichomoka barabarani, kamba huvuta pini, na betri ya trela inafunga breki zote. Ijaribu: chomoa plagi, vuta pini, jongeza gari kidogo sana. Tairi za trela zikizunguka kama kawaida, anza na betri, kisha nyaya. Zikigoma, rudisha pini mara moja, maana ikiachwa nje betri inaisha na sumaku zinapata moto.