Milipuko ya gamma: yanayosemwa mitaani na ukweli wenyewe

Eti nyota kubwa ikilipuka, mionzi ya gamma inamwagika pande zote

Milipuko ya gamma ni mimweko mifupi na mikali mno ya mionzi ya gamma inayotufikia kutoka anga za mbali, na hii ndo mama wa dhana potofu zote kwenye hii mada, nyingine nyingi zimezaliwa hapa. Supanova yenyewe, yaani mlipuko wa nyota kubwa inapokufa, sawa, inatupa mabaki yake kila upande. Lakini mionzi ya gamma inakuja na jeti mbili nyembamba, yaani mikondo ya maada inayochomoka kwa kasi, moja inachomokea ncha hii ya nyota na nyingine ncha ya pili, na upana wa kila moja ni digrii chache tu. Ni kama tochi, ikikulenga machoni inakupofusha, ukisogea pembeni huoni kitu. Kwahiyo kwa kila mlipuko tunaoukamata kuna mamia ambayo jeti zake zilielekea kwingine na sisi huku hatukusikia chochote.

Watu huuliza tumejuaje. Tarehe 23 Januari 1999 ulionekana mlipuko mkali sana, GRB 990123 (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa gamma, namba ni tarehe yake), na wataalamu wakapiga hesabu kwa kudhani nguvu imesambaa pande zote sawa. Jibu likaja kwamba ni kana kwamba umechukua maada yote ya karibu majua mawili ukaigeuza yote kuwa gamma ndani ya dakika moja na ushee. Hapo mtu yeyote anajikuna kichwa, nyota gani itafanya hivo? Sasa walipofuatilia ule mwanga unaobaki baada ya mlipuko, kama siku mbili baadaye ukaanza kufifia kwa kasi kuliko mwanzo, na hiyo ndo tabia inayotarajiwa kwa jeti nyembamba inapopungua mwendo na kuanza kutanuka. Ukiweka huo wembamba kwenye hesabu nguvu inashuka mamia ya mara, na mlipuko wa kawaida unabaki na kiasi kinachokaribiana na kile Jua letu litakachotoa maisha yake yote ya miaka bilioni 10. Bado ni balaa, ila ni balaa linaloelezeka.

Eti jeti inatapikwa na shimo jeusi kutoka ndani

Hapana jamani, kilichoingia shimo jeusi hakitoki. Kinachotokea ni hiki: kiini cha nyota kikishageuka kuwa chuma hakuna tena nishati ya kuvuna humo, uzito unashinda, kiini kinaporomoka na kuwa shimo jeusi. Kama nyota ilikuwa inazunguka kwa kasi, maada inayofuata haiwezi kudumbukia moja kwa moja, inajipanga kuwa diski inayozunguka shimo jipya kwa nje, na kule kwenye ncha ambako njia ni nyepesi zaidi ndo jeti inapata upenyo. Ikisukumwa na nguvu za sumaku, na pengine joto la nyutrino (chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu) kutoka kwenye diski, inaanza kutoboa nyota kutokea katikati, kazi ya kama sekunde 10 hivi, ikitoka nje inaenda zaidi ya asilimia 99.99 ya kasi ya mwanga. Na gamma tunayoipokea haijatengenezwa ndani ya nyota kabisa, inatokea mbali huko nje jeti ikishatoka. Mpango huu aliupendekeza mtaalamu wa nyota Stan Woosley mwaka 1993, na hadi leo ndo unaosimama kwa nyota zinazokufa.

Eti Betelgeuse ikilipuka tumekwisha

Hii inanichosha kusema kweli. Betelgeuse, ile nyota kubwa nyekundu ya kundi la Orioni, italipuka, itakuwa supanova ya kupendeza, lakini mlipuko wa gamma sahau. Nyota zinazotoa hizi jeti zimeshapoteza tabaka lao la nje la haidrojeni, zimebaki ndogo na nzito, ukubwa unaokaribiana na wa Jua, ndo maana sekunde 10 zinatosha kutoboa. Betelgeuse ni jitu lililovimba, mwanga wenyewe ungehitaji zaidi ya dakika 20 kutoka katikati hadi juu, wakati injini ya jeti kwa kawaida inachoka ndani ya dakika moja au mbili. Jeti ingefia humohumo tumboni. Afu Betelgeuse inazunguka taratibu, kwahiyo hata hiyo diski ingepatikana wapi?

Wanaojua zaidi wanakuja na WR 104, nyota yenye mwenzake wanaozungukana. Hapo angalau kuna hoja, maana ni nyota ya aina inayostahili, iko maelfu ya miaka ya nuru kutoka hapa, na vumbi lake linaonekana kama mzunguko uliotugeukia uso kwa uso, watu wakahitimisha kwamba ncha yake inatulenga sisi. Vipimo vya darubini ya Keck kule Hawaii vilivyotangazwa mwaka 2025 vikaonyesha kwamba njia ya nyota zile mbili imeinama digrii kama 30 hadi 40 ukilinganisha na tulivyodhani. Kwa jeti yenye upana wa digrii chache, hiyo ni kukosa kwa mbali.

Eti gamma itatuunguza palepale

Hata mlipuko ukitokea karibu, angahewa ni nene kwa gamma, uzito wake ni sawa na kuwa chini ya maji ya mita 10. Shida ingekuja kwa njia ya kuzunguka: gamma zinavunja naitrojeni hewani, zinazaliwa oksaidi za naitrojeni, hizo zinakula ozoni, na anayetuumiza mwishoni ni Jua letu hilihili kwa miale yake ya urujuanimno, tena kwa miaka. Kuna waliopendekeza kwamba vifo vingi vya viumbe vya mwisho wa Ordovisi (kipindi cha kale cha dunia), miaka kama milioni 445 iliyopita, vilitokana na kitu kama hicho. Ni pendekezo tu, ushahidi wa moja kwa moja haupo, ila huko nje linasimuliwa kama habari iliyothibitishwa.

Mfano halisi tunao. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulifika GRB 221009A, mkali kuliko yote iliyowahi kupimwa, wa kiwango kinachokadiriwa kutufikia mara moja kwa takriban miaka 10,000. Vipima vya satelaiti ya Fermi vilizidiwa vikashindwa kuhesabu sawasawa, tabaka la ioni, lile la juu ya angahewa lenye chembe za umeme, likatikisika. Umetoka karibu miaka ya nuru bilioni 2! Na wewe siku hiyo ulikuwa unafanya shughuli zako, hujui lolote.

Eti ni silaha, na Marekani walificha

Satelaiti za Vela za Marekani zilirushwa kuvizia majaribio ya nyuklia, hiyo kweli, na tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mlipuko ambao haukufanana na bomu. Hawakuficha, wataalamu walichosubiri kabla ya kutangaza ni satelaiti zenye vipimo vizuri zaidi vya muda, ili tofauti ya sekunde kati ya satelaiti na satelaiti ionyeshe upande ishara ilikotoka. Dunia ikatolewa, Jua likatolewa, na mwaka 1973 wakachapisha. Basi.

Eti mlipuko ukizidi sekunde 2 ni nyota iliyokufa, ukipungua ni nyota za nyutroni (mabaki yaliyobanana mno ya nyota zilizokufa) zimegongana

Hii imo hata kwenye vitabu, na kwa sehemu kubwa inafanya kazi. Lakini GRB 211211A, Desemba 2021, ulidumu karibu sekunde 50, na walipotazama pale ulipotoka hawakukuta supanova, wakakuta mng'ao mwekundu wa metali nzito zinazozaliwa mgongano ukitokea. Kwahiyo siku hizi saa peke yake haitoshi, wanarudi na darubini kwenye eneo lilelile siku na wiki zinazofuata kuangalia kama supanova inachomoza au la.